Mkwe Hatangulii

Mkwe wangu ana ugonjwa mmoja usio na dawa: heshima. Nikisimama, anasimama. Nikikohoa, ananipa pole. Tangu amwoe binti yangu sijamsikia akianza neno bila samahani, ndiyo maana jikoni kwangu, akiwa hayupo, tunamwita Bwana Samahani. Ni fundi wa majokofu, mikono yake dhahabu tupu, lakini mdomo, jamani, mdomo kama ameuazima kwa mtu anayeudai.

Huyo ndiye niliyesafiri naye. Binti yangu huyo, mkewe, yuko ng'ambo kikazi, na huko huko moyo ukaanza kumsumbua. Madaktari wakasema lazima wamfungue kifua, tena siku ikawahishwa ghafla. Akanipigia simu, sauti nyembamba kama ya utotoni. "Mama, njooni wote wawili. Nataka niwaone kabla hawajanilaza. Maana mkichelewa..." Hakumalizia, na mimi sikumwuliza. Mama gani angeuliza?

Safari ilikuwa ya ndege mbili. Ya kwanza itushushe kwenye uwanja mkubwa katikati ya njia, ya pili itufikishe kwake alfajiri, kabla hawajamwingiza chumba cha upasuaji. Tukiikosa hiyo ya pili, nyingine ni kesho yake jioni. Jioni mambo yatakuwa yamekwisha, kwa heri au kwa lile ambalo ulimi wangu haulitamki.

Basi ndege ya kwanza ilipochelewa kutua, nikawa namwuliza saa kila dakika pale pale kitini.

"Samahani, mama, tutawahi tu," akasema mkwe. "Mwenda pole hajikwai."

"Hajikwai, lakini ndege inamwacha," nikamjibu.

Tulipotoka mlangoni mwa ndege tukamkuta msichana amesimama na kiti cha magurudumu, ameshika karatasi yenye jina langu. Kumbe mwanangu, na ugonjwa wake wote, alikuwa amelikumbuka goti langu akaniagizia kiti. Aka! Mimi niliyepika shule ya bweni miaka nenda miaka rudi, masufuria ya kutosha kuogeshea watoto nikiyaepua mwenyewe, leo nisukumwe kama gunia la unga mbele ya watu? Nikampungia mkono atupishe, nikaukwapua mkoba wangu, nikashika njia.

Uwanja ule ni mji mzima uliowekewa paa. Maduka ya manukato, ngazi zinazopanda zenyewe, vibao vya kila rangi vinaning'inia juu. Nikaona abiria wengi wa ndege yetu wanaelekea upande mmoja, nikawafuata. Goti linalia, mimi nakaza mwendo. Nyuma nasikia viatu vya mkwe, hatua mbili nyuma yangu, hazizidi hazipungui. Nikajisemea: lugha ya hapa yeye anaisoma, mimi siisomi. Tungekuwa tumepotea angesema. Asiposema, tuko sawa.

Tukafika kwenye ukumbi wenye foleni iliyojikunja na kujikunjua, na mbele maafisa wamekaa kwenye vibanda vya vioo. Foleni inasogea kwa madaha, kana kwamba hakuna mtu duniani mwenye mgonjwa. Jasho jembamba linanitoka. Zamu yetu ilipofika, afisa akazipekua paspoti, akatazama kadi zetu za kupandia, akatikisa kichwa, akanyoosha mkono kule kule tulikotoka.

"Anasemaje?"

Mkwe akazipokea paspoti. "Anasema hapa ni pa kutokea kwenda mjini, mama. Wanaounganisha ndege walitakiwa wapande juu. Kule mwanzo kabisa."

"Mwanzo wapi?"

"Kwenye kile kibao cha njano. Samahani, mama."

"Wewe ulikiona?"

Akaanza kuzipanga paspoti upya.

"Nakuuliza, baba, ulikiona?"

"Nilikiona, mama."

Lo! Mkono uliniwasha nimzabe kofi, mtu mzima na ndevu zake. "Umekiona, ukanyamaza, ukanifuata kama mkia? Mwanangu amelala huko anahesabu pumzi, wewe huku unaniheshimu?" Watu wakageuka. Potelea mbali, wageuke.

"Mama ulikuwa umetangulia," akasema, macho chini. "Mkwe hatangulii."

"Leo tangulia! Pita!"

Hakupita. Tulirudi vile vile, mimi mbele nachechemea, yeye nyuma anahema. Juu tukakuta ukaguzi mwingine. Vua viatu, toa simu, weka mkoba. Mashine ikalia nilipopita. Bangili! Bangili yangu ya shaba haijatoka mkononi tangu ninenepe. Mkaguzi akaivuta, nikaivuta, mkwe akawa anaivuta kwa macho tu maana hathubutu kunishika. Mwishowe yule mkaguzi wa kike akachoka, akanipapasa mwili mzima, akaniacha nipite na bangili yangu. Nikainua macho kwenye skrini, nikaona mstari mmoja umegeuka mwekundu.

"Ndiyo yetu hiyo?"

"Ndiyo yetu. Wanafunga, mama. Na geti letu ni la mwisho kule."

Kule kwenyewe hakukuonekana mwisho. Nilipiga hatua chache goti likakataa, likakataa kabisa, nikaushika ukuta. Nikatafuta kwa macho msichana mwenye kiti. Wapi! Kiti nilichokidharau, saa ile ningekibusu magurudumu.

"Nenda," nikamwambia mkwe. "Nenda umshike mkono. Mwambie mama yake alikuwa njiani." Nikalia pale pale mbele ya duka la saa, sioni aibu kusema.

Akanitazama. Halafu akautupa mkoba wake begani, akachomoka mbio. Miaka yote ya ndoa yao sikuwahi kuuona mgongo wa mkwe wangu, ndiyo kwanza siku ile. Nilimtuma mwenyewe, na bado iliniuma alivyonitii upesi.

Nikajikongoja kufuata ukuta, nikiongea na Mungu kwa sauti. Mbele, mbali, nikaona geti. Mlangoni kuna purukushani: wahudumu wawili wanamsema mtu, na mtu huyo ameweka mguu mmoja ndani na mmoja nje, mkoba ameulaza kizingitini, mikono ameikaza mlangoni kama anayezuia ukuta usianguke. Alikuwa ni mkwe wangu.

Akaniona. Akapaza sauti mpaka ukumbi mzima ukanyamaza.

"Mama! Kimbia! Kimbia wewe mama, achana na hilo goti! Kimbia!"

Samahani haikuwemo. Nikasema liwalo na liwe, nikakimbia. Naapa nilikimbia, viatu mkononi, goti linapiga kelele nami napiga kelele, mpaka nikaanguka ndani ya mlango ule na mhudumu akaufunga nyuma yangu, amenuna.

Tulipokaa, mkwe alikuwa amelowa chapachapa. Nikamngoja aombe radhi kwa kunifokea mbele ya watu. Hakuomba. Alikuwa anatazama kiti cha mbele.

"Mama, haikuwa heshima," akasema.

"Nini haikuwa heshima?"

"Kile kibao. Nilikiona, nikataka kukuita, sauti ikagoma. Nikawaza, tukichelewa sitakuwepo wakimwingiza. Sitakaa kwenye benchi nje ya mlango nikingoja mtu atoke aniambie. Mama yangu mzazi nilimngoja hivyo hivyo kwenye benchi, na aliyetoka alitoka ameinamisha kichwa." Akajifuta uso kwa kiganja. "Basi miguu ikakufuata tu. Niliogopa kufika, mama, heshima nimeisingizia."

Maneno ya kumchamba nilikuwa nayo, tena mengi, nimeyapanga tangu kwa yule afisa. Nikafungua mdomo niyamwage. Nikaiona mikono yangu mapajani, inatetemeka kama yake. Ilikuwa inatetemeka tangu ile simu, ila nilikuwa naishughulisha na mkoba.

Ndege ikaanza kurudi nyuma taratibu. Nikaunyakua mkono wake. Hatujawahi kushikana zaidi ya salamu, mimi na yeye. Akanibana mpaka bangili ikaniuma mfupani, na sikumwambia alegeze.

"Kwenye benchi tutakaa wote," nikasema. "Hakuna atakayengoja peke yake. Na tukifika hospitali, unatangulia wewe. Ukiona kibao, unanifokea kama leo. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Mhudumu aliyekuwa akikagua mikanda akasimama kwetu. Akaitazama ile mikono, akatabasamu, akainama akauliza kitu kwa upole.

"Anasemaje?"

"Anauliza nani kati yetu anaogopa ndege."

Kila mmoja akamnyooshea mwenzake kidole.