Okestra Nzima Kwenye Ruracio

Kazi ya Waruguru ilikuwa kuuza kitu ambacho Thika haikuwa imekiomba. Alikuwa meneja wa Chania Simfoni, okestra ya watu arobaini na fidla zao, na umeneja wenyewe ulikuwa kubandika mabango, kupigia redio simu, kumbembeleza mwenye ukumbi na kupatanisha wapiga filimbi waliokosana. Kila alipompa mtu tangazo sokoni aliulizwa maswali yale yale mawili: "Hii ni ya kanisa gani?" na "DJ ni nani?" Alikuwa amechoka ule uchovu ambao usingizi hauuwezi, ulilala naye na kuamka naye, na asubuhi ulimtangulia kuvaa viatu.

Tamasha lililopita, waliokaa jukwaani walikuwa wengi kuliko waliokaa vitini. Mzee Sadruddin, mwenyekiti wa bodi na mwenye kiwanda cha mablanketi, hakugomba. Alisema kwa ule upole ulio mbaya kuliko matusi: "Waruguru, binti, ukumbi ikikaa hivi tena, tunafunga okestra. Watu watafute kazi ingine."

Jumamosi hii ndiyo ilikuwa hiyo "tena".

Na Jumamosi hii hii, Mutiso mpiga besi, yule wa kile chombo kikubwa kama kabati, alikuwa anapeleka mahari Ruiru kwa kina Rachael, mchumba wake, sherehe ambayo Wakikuyu huiita ruracio.

"Meneja, usijali," alimwambia. "Ruracio ni kitu ya asubuhi. Saa sita tumemaliza, saa kumi tuko Thika tunapiga."

Tangu Wakikuyu waanze kuoana, hakuna ruracio iliyowahi kuisha saa sita. Mutiso ni Mkamba, tumsamehe. Lakini Waruguru ni Mkikuyu, amezaliwa Kamenu hapo Thika, na ameosha vyombo vya ruracio za dada zake wote. Alijua vizuri sana. Alikuwa tu amechoka kusema hapana.

Watu wa Mutiso kutoka Machakos walikuwa wachache, na mwanamume haendi ukweni na watu watatu kama anayeenda dukani kununua sukari. Basi okestra nzima ikajitolea kuwa msafara wake. Ili wasipoteze muda, walipanda basi wakiwa na vyombo vyao na wamevaa kabisa nguo za tamasha. Nguo za tamasha za okestra ni nyeusi: suti nyeusi, magauni meusi, hadi soksi.

Lango la kina Rachael lilikuwa limefungwa, kama desturi inavyotaka. Wageni huimba nje mpaka akina mama wa ndani waridhike. Tata Nyawira, shangazi ya Rachael na jenerali wa lango, alichungulia kwenye kitundu.

"Ngai! Nani amekufa?"

"Hakuna, Tata," Waruguru akajibu. "Tumekuja kuposa."

"Na hao weusi ni akina nani?"

"Ni wapiga muziki."

"Wa matanga?"

Kitonga, mpiga tarumbeta ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, akamnong'oneza Waruguru: "Mwambie hapana. Matanga huwa na watu."

"Nguo nyeusi haiingii hapa," Tata Nyawira akatangaza. "Mmekuja kuoa msichana ama kumzika? Haya, imbeni kwanza tusikie."

Hapo ndipo aibu ilipowashika. Watu waliosomea muziki mpaka wakaota sugu vidoleni, lakini kuimba bila karatasi mbele yao na bila mtu wa kupunga fimbo, hakuna aliyejua aanzie wapi. Walitazamana kama kuku waliomwagiwa maji. Mwishowe wakateremsha vyombo, wakajipanga kwenye changarawe na kupiga kipande cha kwanza cha tamasha. Wakakipiga vizuri hasa. Akina mama walisikiliza hadi mwisho, kwa adabu.

"Ni sawa," Tata Nyawira akasema. "Sasa mtaimba lini?"

Waruguru akasogea kwenye kitundu. Amesimama kwenye milango mingi ya watu, na kila mara alikuwa na maneno matamu ya kuifungua: fursa, ushirikiano, vipaji vya vijana wetu. Leo aliyatafuta, hayakuja. Akakaa chini kwenye jiwe la lango, na gauni lake jeusi.

"Tata, mimi nimechoka," akasema. "Jioni tuko na shoo Thika. Ukumbi usipojaa, okestra inafungwa. Hawa wote wanaenda nyumbani, na huyo Mutiso mnampa msichana leo, wiki ijayo hana kazi. Mkifungua, sawa. Mkikataa, sawa. Acha tu nikae hapa kidogo."

Ndani ikasikika minong'ono ya Kikuyu, mikali.

"Umesema hatakuwa na kazi?"

"Ndiyo, Tata."

"Na ulikuwa unatuambia lini? Baada ya keki?"

Lango likafunguka kwa kishindo. Tata Nyawira alisimama hapo, mikono kiunoni. "Rachael wetu haolewi na mtu wa kukaa nyumbani. Kama ni watu mnataka, watu tuko nao. Lakini hiyo nyeusi bado haiingii."

Zikaletwa leso, kanga za akina mama wenyewe. Kila mpiga muziki akafungwa ya kwake begani, Kitonga akapewa yenye picha za mananasi. Mutiso alipoambiwa, kama desturi, amtambue Rachael kati ya wasichana waliofunikwa gubigubi, alimjua kwa viatu. Wakala, maana ukweni hakuondokwi bila kula. Tata Nyawira aliwaharakisha wazee mpaka mmoja akalalamika kwamba hata hajapewa nafasi ya kukohoa kabla ya kuongea.

Walifika Thika wamechelewa. Mzee Sadruddin alikuwa kiti cha mbele, amekunja mikono, na nyuma yake watu wa kuhesabika. Okestra ikapanda jukwaani na leso zake, kwa sababu akina mama wenye leso walikataa katakata zivuliwe. "Leso yangu haiendi mahali siioni," alisema mmoja wakiwa bado Ruiru, na kweli akaifuata. Wote walizifuata. Wakaingia shangazi, binamu, majirani na wazee na bakora zao, mpaka viti vikaisha na watu wakaegemea kuta.

Haukuwa utulivu wa okestra. Kila Mutiso alipogusa besi, vigelegele. Katikati ya sehemu ya polepole, mpiga filimbi alishtuliwa na kigelegele mpaka akarukia ukurasa unaofuata. Waruguru alisimama karibu na mlango, viatu mkononi, akitamani kulala hapo hapo sakafuni.

Walipomaliza, mzee Sadruddin akamfuata. "Binti, hawa watu umetoa wapi?"

"Ruiru, mzee."

"Basi hatufungi." Akatabasamu kidogo. "Lakini mwezi ujao ulete hawa tena."

Waruguru alifungua mdomo aeleze, akachoka kabla ya kuanza. Akatazama jukwaani. Kitonga alikuwa anakunja leso ya mananasi polepole, na msichana mmoja wa upande wa Rachael alikuwa anaingojea bila haraka yoyote.

"Kitonga!" akaita. "Huyo msichana anaitwa nani?"

"Aa, meneja! Si tunaongea tu."

"Ongeeni. Lakini muulize kwao wako wangapi."