Malipizi ya Mama

Mama aliita "Baba," na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Alimwita mwanawe hivyo tangu akitambaa, kama akina mama wanavyowabembeleza watoto wao wa kiume. Kisha mwana akasoma, akapewa upadre, na parokia nzima ikaanza kumwita vivyo hivyo. Sasa neno hilo likitoka kinywani mwa mama yake, utajuaje anamtaka yupi, mwana au padre?

Padre hakujiuliza. Ilikuwa saa ya kuwaona wagonjwa, naye ameketi kwenye stuli ya plastiki kando ya kitanda, anamenya chungwa. Dada yake alikuwa koridoni, anasubiri kuitwa. Mama hakuwa amemwona kwa miaka ishirini na sita.

"Baba," mama akasema, sauti imekwisha, "ile pasi niliiacha mimi kwenye umeme. Si dada yako."

Chungwa likamponyoka. Pasi hiyo ndiyo iliyounguza chumba cha kushonea cha marehemu baba yao, na mikono yake yote miwili. Hakushika sindano tena. Dada, wakati huo ana miaka kumi na saba, alifukuzwa akiwa na kandambili tu miguuni, na mama akanyamaza kimya. Alilaumiwa mpaka mwenyewe akaamini ndiye. Hadi leo hana pasi. Nguo zake huzilaza chini ya godoro zinyooke.

Padre aliruka kutoka kwenye stuli, hasira na furaha zimemkaba pamoja. Akafungua mlango. "Dada, njoo! Ile pasi..."

"Baba," mama akaita nyuma yake, "mbona waondoka hujaniondolea dhambi?"

Padre akasimama hapo hapo mlangoni. Kumbe mama alikuwa anaungama! Hakufanya ishara ya msalaba kwa sababu mkono wake wa kuume ulikuwa umefungwa dripu. Naye, aliyekuwa padre kwa miaka kumi sasa, alikuwa amekaa pale anamsikiliza kama mtoto anayepewa habari za nyumbani.

"Pasi gani?" dada akauliza kutoka kwenye benchi.

"Subiri kidogo," akasema, akafunga mlango.

Alivaa shingoni stola yake ya kuungamishia. Yule mwana ndani yake alitaka kumshika mama mabega amtikise. Padre alikuwa na kazi moja tu: kusamehe kwa niaba ya Mwingine, na kuyafukia aliyoyasikia, maana siri ya maungamo haivunjwi, hata yakimchoma mpaka kaburini.

"Unajuta, mama?"

"Kila siku iendayo kwa Mungu."

"Basi malipizi yako ni haya: mwambie mwenyewe. Yuko hapo nje."

Mama akafumba macho. "Nipe rozari tatu."

"Hapana."

"Nipe kumi, Baba. Nitazisali zote leo leo."

"Mama!"

Mama akaivuta shuka hadi kifuani. "Haya. Niitie. Nitamwambia."

Akamwondolea dhambi zake zote, kisha akamwita dada. Dada aliingia na gauni lenye mikunjo, akapiga magoti kando ya kitanda. Mama akamwekea kiganja kichwani. Padre alishika chuma cha kitanda. Aliiona midomo ya mama ikijaribu, ikashindwa, ikajaribu tena.

"Mwanangu," akasema, "nimekusamehe."

Dada akaangua kilio. "Asante, mama. Asante sana."

Mama alimtazama padre mara moja tu, kisha akageukia ukutani. Padre alikuwa na maneno matatu mdomoni, "Si wewe, dada," na hayakuwa yake kuyasema. Hata kumkumbusha mama ahadi yake mbele ya dada hakuweza. Hata kukohoa kungekuwa kusema.

Dada aliinuka, uso umelowa, anacheka kama msichana, akamkumbatia padre kwa nguvu.

"Najua ni wewe uliyemlainisha moyo," alimnong'oneza. "Miaka yote hii nilikuwa nataka neno hilo tu. Mungu akubariki, mdogo wangu."

"Amina," akasema padre.