Matanga ya Bi Adelaide

Jumamosi hiyo ya Oktoba 2006, Bupe alipanga viti kwenye chumba cha nyuma cha maktaba ndogo kule Bowie, ughaibuni, akavifuta, akavipanga upya. Saa nane mchana ikafika. Hakuna hata mtu mmoja.

"Sasa Bupe, hizi viti ndizo utazihutubia?" akauliza bosi wake, Kibet, Mkenya mpole lakini asiyezungusha maneno. "Watu wakikosa leo, hii programu ya kila mwezi ya kukumbuka watu wa zamani inakatwa. Wakubwa washasema."

Bupe alikuwa amechakura magazeti yaliyopauka kwa miezi, akitafuta habari za Bi Adelaide, mkutubi wa kwanza wa mtaa ule.

Mara wimbo wa kilio ukasikika mlangoni. Akaingia Bibi Benadetha, anayesali kanisa moja na Bupe, khanga kiunoni, kitambaa cheusi begani. Nyuma yake wakafuata akina mama wa kanisani, huyu na sufuria ya wali iliyoviringishwa taulo, yule na mkeka kwapani.

"Pole, mwanangu," Bibi akamkumbatia. "Wafiwa wako wapi?"

"Wafiwa gani, Bibi?"

"Si ulinipigia simu kwamba leo mnamkumbuka marehemu wa hapa kazini? Nikauliza ana ndugu, ukasema hana hata mmoja. Sasa tumwache hivihivi, ugenini huku, bila wa kumlilia?"

"Bibi, alifariki mwaka arobaini na moja!"

Bibi Benadetha akamtazama kwa masikitiko. "Na mpaka leo hamjamaliza matanga?"

Kibet, aliyekuja mbio kukataza chakula, akashika ukuta kwa kicheko. "Wamama, hii ni maktaba jameni! Chakula ikae huko nje kwa ngazi, tafadhali."

Sufuria zikatolewa. Akina mama wakajaza viti, mmoja akatandika mkeka wake mbele kabisa.

"Haya," Bibi akaamuru, "tusomee wasifu wa marehemu."

Bupe akaziweka kando karatasi zake za Kiingereza, akasimama kama wanavyosimama msibani. Akaeleza kwamba Adelaide alikuwa binti wa dobi. Alipokuwa akirudisha nguo zilizopigwa pasi kwenye nyumba za matajiri, aliomba vitabu walivyokwisha kusoma, akavibeba ndani ya kapu lilelile. Akavipanga jikoni kwa mama yake, wakulima wa tumbaku wakawa wanakuja kuazima, na vitabu vyote vilinukia sabuni.

"Ee, mtoto wa watu!" mmoja akaitikia.

"Aliolewa?"

"Hakuolewa, mama. Serikali ilipompa chumba cha maktaba na mshahara, akakikalia mpaka nywele zikawa nyeupe. Hakumfukuza mtoto mwenye mikono michafu. Alimnawisha kwenye beseni, ndipo akampa kitabu."

Bibi Benadetha, aliyelea wa kwake na wa wenzake, akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Wasomaji wa chumba cha mbele nao walikuwa wameshasogea, wamejaa mlangoni, na Bupe ikabidi aanze upya kwa Kiingereza.

Baadaye, kwenye ngazi, Kibet alikuwa akikomba sahani yake.

"Programu imebaki," akasema. "Mwezi ujao tunaomboleza nani?"

Bupe akacheka, wali ukamkwama. Bibi Benadetha akampigapiga mgongoni.

"Safari hii tafuta mwenye watoto," akasema, "nao walete soda."