Matuta ya Raymond

Saa nne asubuhi, Baltazari alipofungua kibanda chake cha gemu pale Malangali, alimkuta Raymond ameshakaa kwenye benchi, koti likichuruzika mvua. Mtu mzima wa miaka arobaini na sita. Vijana walimwamkia shikamoo, kisha wakampisha kwenye runinga ya pembeni.

Gemu lenyewe lilikuwa tamu, hilo halina ubishi. Shujaa alikuwa na mashavu mekundu, muziki ulibembeleza, na hata majoka yalikuwa na haya. Ila kabla ya kukutana na joka lolote ilibidi shujaa alime. Alime, apande levo, alime tena. Raymond alichoka nalo kufa, na kuliacha hakuweza.

Siku ya kwanza gemu lilimtaka achague shamba. Akachagua la kando ya mto, kwa kuwa lilifanana na la marehemu baba yake. Shamba la baba serikali ililichukua kwa ahadi ya kulirudisha. Ubinafsishaji ulipokuja, liliuzwa kwa mwekezaji pamoja na ahadi yake. Basi Raymond akalima Kifipa: ntumba, matuta ya mviringo, majani yamefukiwa ndani yaoze yawe mbolea.

Mwezi Machi mkewe, Kristiana, akienda kuokota kuni, alipita kando ya seng'enge ya mwekezaji. Akaona mamia ya matuta yaliyoinuka yenyewe, yote yameinamia kushoto kidogo. Mkono wa mumewe aliujua. Akaenda moja kwa moja kibandani.

"Baba Valeria, yale matuta ng'ambo ya seng'enge ni ya kwako."

"Ni ya kwangu."

"Na kashamba ketu bado pori. Maharage tutapanda wapi, kichwani?"

Raymond aliona aibu. Kesho yake akabeba jembe. Lakini kila tuta aliloinua kwao lilijilaza alipogeuka, na kule ng'ambo likaongezeka moja. Walijaribu siku nne. Siku ya tano Kristiana akasema mvua haimngoji mtu, akalima peke yake kijisehemu kisichotosha hata mbegu za debe moja.

Wiki hiyo Eustace, msimamizi wa mwekezaji, alifika kibandani na salamu.

"Bosi ameridhika, mzee. Anaomba upande wa bondeni uumalize kabla ya Pasaka."

"Mimi naacha kazi."

Eustace alipekua daftari lake kwa adabu, mpaka ukurasa wa mwisho. Jina la Raymond halikuwamo. Asiyeandikwa hawezi kuacha kazi, akaeleza. Raymond akashika pedi ya gemu.

Juni, Kristiana alikwenda kwenye geti la mwekezaji kuomba kibarua cha kung'oa maharage. Akapewa. Mchana ule, kwenye runinga, mama mmoja mdogo mwenye mashavu mekundu aliingia katika shamba la shujaa, khanga kaifunga kiunoni, akaanza kung'oa. Raymond alimjua kwa namna alivyoinama. Moyo ukamuuma sana. Akamsogeza shujaa karibu naye, akabonyeza kitufe cha kuzungumza.

Wanakijiji wote wa gemu walikuwa na jibu moja tu. Mama yule akalitoa kwa upole, bila kuinua uso:

"Karibu, mgeni. Leo umeshalima?"