Mikarafuu Kumi na Saba

Mgeni njoo, mwenyeji augue. Wahenga walisema apone, lakini wahenga hawakuwahi kufanya kazi katika afisi ya Wakili Othman, mjini Wete.

Mize alikuwa na mwaka wa pili humo, akipiga taipu. Alisoma skuli ya wasichana Unguja, akarudi na cheti chake, akadhani amekuja kuwatumikia watu wa kwao. Alichokikuta ni chumba kimoja chenye dirisha lisilofunguka, mashine inayokwama kila mvua ikinyesha, na kabati la karatasi ambalo ufunguo wake ulikaa mfukoni mwa wakili. Naye wakili, katika kila wiki tatu, mbili alikuwa Unguja. Karatasi zikiisha, kazi husimama. Wateja walikaa barazani na vikapu vyao tangu asubuhi mpaka adhuhuri, wakaambiwa warudi Jumatatu, na Jumatatu wakaambiwa neno lile lile kwa heshima zaidi.

"Afisi hii na kaburi ni ndugu," Mzee Kificho, karani mkuu, alikuwa akisema. "Ila kaburini unaulizwa maswali mara moja tu." Kisha hucheka peke yake.

Bi Mwanabaraka aliingia mwanzoni mwa mwaka 1960, ametoka Konde kwa gari la asubuhi. Alikuwa mjane, na haja yake ilikuwa ndogo. Marehemu mumewe alipanda mikarafuu kumi na saba katika ardhi ya binamu yake, Hamad, kwa ruhusa ya Hamad mwenyewe. Pemba jambo hilo halimshangazi mtu: ardhi ya huyu, miti ya yule, na kila mmoja huchuma chake. Hamad hakuwa na ubishi. Ila alikuwa ameshazeeka, na wanawe walikuwa Tanga, hawajui mti upi wa nani.

"Nataka karatasi tu, mwanangu," Bi Mwanabaraka alimwambia Mize. "Hamad atie dole gumba lake, na mie nitie langu, basi. Nikifa, wanangu wasije wakafukuzwa chini ya miti ya baba yao."

Mize aliyaandika yote kama yalivyosemwa. Wakili Othman aliporudi aliyasoma kwa kusimama, kofia bado mkononi. Alizaliwa mjini Unguja, akasomea sheria Bombay. Mashamba aliyajua kwa kuyapita garini.

"Miti haielei hewani," alisema. "Mwenye miti ndiye mwenye ardhi. Tumshitaki huyu Hamad, tudai shamba zima."

"Bwana Wakili, huku sivyo. Bi hadai ardhi, na Hamad hakatai miti. Akisikia anashitakiwa..."

"Mize, nimekuajiri vidole."

Mzee Kificho akakohoa, kile kikohozi chake cha kumwambia mtu anyamaze. Mize akasema tena. Akaambiwa apige taipu au aende kwao akapike.

Akapiga. Akapiga mara nne, maana kwanza pambizo lilikuwa jembamba, mara ya pili kaboni ilikuwa imechakaa, mara ya tatu wakili alibadili neno moja, na mara ya nne akalirudisha. Katika nakala zote nne Bi Mwanabaraka alidai ardhi ambayo hata siku moja hakuitamani.

Siku ya kutia dole gumba, Mize alimfuata barazani. "Bi, usitie. Hii siyo karatasi uliyoitaka."

Bi Mwanabaraka alimtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mtoto anayeogopa jogoo. "Weye umesoma, mwanangu, nakubali. Lakini wakili ni yule."

Akaingia ndani, akatia.

Kesi iliahirishwa mara sita. Mara hakimu anaumwa, mara wakili ameikosa meli, mara jalada limepotea, kumbe limetumika kufunikia birika la chai. Mwaka ukapita. Muda wote huo Hamad, tangu alipopelekewa samansi, hakujibu tena salamu za Bi Mwanabaraka. Siku kesi iliposikilizwa alisimama na hati ya ardhi aliyoachiwa na baba yake, akaapa kwamba hakupata kumruhusu mtu yeyote kupanda humo hata mchicha. Watu wa Konde waliokuja kusikiliza wakainamisha vichwa. Walijua. Lakini hakuna aliyeitwa kutoa ushahidi, kwa kuwa wakili hakuona haja. Hakimu akaamua: ardhi ni ya Hamad, pamoja na kila kilichoota juu yake.

Alasiri wote wanne walikuwa afisini. Bi Mwanabaraka amekaa kwenye kiti cha wateja, mikono imelala mapajani.

"Kosa limetokea kwenye taipu," Wakili Othman alisema. Hakumtazama mtu. "Binti yetu huyu alichanganya miti na ardhi. Kijana bado. Mize, muombe radhi Bi Mwanabaraka."

Mzee Kificho akakohoa.

"Omba tu, mwanangu," Bi Mwanabaraka mwenyewe akasema, na sauti yake ilikuwa ya kubembeleza. "Bwana Wakili kasema tukishamaliza hili ataniandikia rufaa. Neno moja tu, yaishe."

Mize aliijua hiyo rufaa. Ingeingia kabatini, ufunguo uende Unguja. Alijua pia kwamba mji wa Wete haukuwa na afisi nyengine itakayomchukua bila ya barua ya wakili huyu, na kwamba barua hiyo ilikuwa inaandikwa sasa hivi, hapa, kwa jibu lake. Na miti kumi na saba haikuwa inarudi, aseme asiseme.

"Bi," alisema, "miti yako nakulilia, na nitakulilia. Lakini nilipiga nilichoamriwa, na barazani nilikwambia."

"Mize!" wakili aliita.

Mize akamgeukia. "Radhi siombi. Si kwake, wala si kwako."