Kichwa cha Kilima

Wanaume wakisimulia vita huanza na bunduki. Mimi, Berthe, naanza na majani, kwa sababu nusura majani yatumalize.

Kilima chetu kiko kati ya Butembo na Kasugho. Upande huu wa Butembo ni kijiji chetu na mashamba ya maharage, upande ule wa Kasugho ni msitu, na njia inapanda wima bila huruma. Sisi wanawake tunabeba mizigo mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, na chini ya kamba tunaweka jani la mgomba lililokunjwa ili ngozi isichubuke. Ukifika juu kabisa unatua mzigo, unavua jani lako, unaliweka kwenye jiwe lililo pale. Shina lake, pale kisu kilipokata, unalielekeza nyumbani kwako, kilima kijue pa kukurudisha. Bibi harusi peke yake ndiye anayegeuza shina lielekee kwa mume, kwa sababu yeye harudi. Mapadri walitukataza. Tukaitika "ndiyo, Padri," na tukaendelea.

Mwaka ule wa vita vya pili vya Kongo, askari waliokuwa wanatutawala walishambuliwa barabarani chini ya kijiji chetu, wakasema ni sisi tunaowalisha wapiganaji wa msituni, Mai-Mai. Walikuwa jeshi gani usiniulize; majeshi yalibadili majina kama mtu anavyobadili shati. Kijiji kizima kilikimbia alfajiri kuelekea msituni. Binti yangu Nadège alikuwa kati yao, na kifuani alikuwa na mtoto ambaye hata kitovu kilikuwa hakijaanguka. Mimi nilibaki. Nilimwambia Nadège kwamba nafungulia mbuzi kwanza, lakini ukweli ni ukaidi tu. Mtu atanifukuzaje nyumbani kwangu? Basi askari wakanikuta zizini.

"Mama, utatuonesha njia ya Kasugho," komanda alisema. "Bale batu balikimbia. Nikibakamata, hakuna mwenye atarudi."

Alikuwa mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi. Askari wake walimwita Prof, maana kabla ya vita alifundisha lugha huko Kisangani. Wakanibebesha sanduku la risasi. Risasi za kumuua mjukuu wangu, tena mgongoni mwangu! Nilikata jani kwenye mgomba wangu kwa hasira hadi kisu kikazama kwenye shina la mti.

Njiani nilijikokota. Nilikohoa kikohozi cha uongo, nikachomwa na miiba isiyokuwepo. Nilitaka wale waliotangulia wapate muda wa kuingia ndani ya msitu. Lakini mzigo wa mtu mwingine una njia yake ya kukufikisha, na hatimaye tukafika juu.

Pale kwenye jiwe kulikuwa na majani. Mengi, mabichi, yakiwa bado na alama za kamba, na mashina yote yameelekea kijijini kwetu. Wajinga wale! Wanakimbia kifo, watoto wanalia, na bado wamesimama kuvua majani na kuyapanga. Na najua kwamba ningekuwa nao, ningefanya vilevile.

Prof aliyaona. Hakuuliza juu yake kwanza.

"Hapa juu munaita namna gani kwa Kinande?"

"Omutwe w'ekitwa."

"Omutwe, kichwa. Ekitwa, kilima." Akayarudia polepole kama mtu anayeonja chumvi kwenye mchuzi. "Unasikia, mama? Twe, twa. Ile maneno iko ndugu. Bankambo benu, bababu ba zamani, baliona kilima njo kichwa kikubwa. Bafaransa banasema sommet, ile inatoka mu Latin, kitu yenye kuwa juu kuliko yote. Kiswahili ya bitabu inasema kilele, sawa ile ncha ya muti yenye inachipuka. Mais nyinyi, munasema kichwa."

Nimeishi chini ya neno lile tangu nizaliwe na sikuwahi kusikia undugu wake. Angemfundisha binti yangu darasani ningempelekea kuku. Nilichukia kwamba maneno yake yalinipendeza.

Akainama, akaokota jani moja.

"Na kichwa kinavaa kofia, ah? Hii iko ya nini?" Akalinusa. "Ingali mubichi. Kuna batu bamepita hapa leo."

Kukataa kungekuwa kujimaliza. Uongo ukiwa mtupu haushikani. Unauchanganya na ukweli kidogo, kama unavyochanganya unga wa mahindi na wa muhogo.

"Ni ya babebaji," nikasema. "Kila mwenye kufika hapa anaacha jani yake. Shina inaonesha kwenye anaenda."

"Kwenye anaenda."

"Eee. Angalia, yote inaangalia upande ya Butembo. Ni batu ba Kasugho, balikuwa banashuka soko."

"Na hatukukutana nabo mu njia?"

"Papa, nani anakutana na nyinyi kwa kupenda? Balisikia mabuti, bakaingia mu pori."

Askari wakacheka. Yeye hakucheka. Akamgeukia sajini wake, Apollinaire. Huyo alikuwa Munande kama sisi. Nilimsikia kwenye mteremko akitukana mawe kwa Kinande safi. Mtu wa namna hiyo mama yake amebeba kwa kamba, na mashina anayajua.

"Apollinaire, ni kweli?"

Sajini aliyatazama majani. Kisha akanitazama mimi. Nilimwomba Bikira Maria, nikakiomba kilima, kisha nikamwomba Maria tena anisamehe kwa kile cha pili.

"Ni kweli, chef," akasema. "Shina inaonesha kwenye unaenda."

Prof akaitikia kwa kichwa.

"Bon. Mama, weka yako. Na weye unaenda wapi?"

Nilikuwa naenda Kasugho pamoja nao, hivyo nilijua shina langu lazima liangalie wapi. Nyuma yangu kulikuwa na nyumba yangu, ghala langu la maharage, kaburi la mume wangu. Mimi ni Mkatoliki wa kubatizwa, na mchana kweupe nitakuambia jani ni jani. Lakini nilipotua sanduku na kulivua lile la kwangu, mkono ulitetemeka. Nikaliweka, shina likiangalia msitu. Mjane mwenye mvi, nimejioza kwa msitu.

Prof alilitazama jani langu, akayatazama yale mengine, akanitazama usoni. Nikajua hapa ndipo tunafia wote.

"Tunarudia nyuma," akawaambia askari. "Jani ya kuenda Kasugho ni ya mama peke yake, bale batu habakupita hapa. Bako nyuma yetu. Mutu moja abebe sanduku."

Wakaanza kushuka. Yeye akabaki, akanisogelea, akaongea chini ili wenzake wasisikie.

"Mama, jani ya kuonesha njia haiwezi kutetemesha mutu."

Nikauficha mkono wangu ndani ya kitenge.

"Nenda kwenye shina yako inaonesha," akasema. "Siku nakuona upande ya Butembo tena, ku kijiji yako ama hata ku soko, nitajua ulinidanganya. Na Apollinaire pia atakuwa alinidanganya. Nitaanza na yeye. Umesikia?"

"Nimesikia."

Akaondoka. Apollinaire alikuwa wa mwisho kwenye mstari, bunduki begani, na hakugeuka hata mara moja. Alikuwa amenipa maisha ya binti yangu, na sasa maisha yake yeye yalikuwa kwenye miguu yangu, kila siku ambayo ningetamani kurudi.

Nilishuka upande wa msitu mikono mitupu. Nikawakuta mbali ndani, karibu na kijito, na Nadège amekaa kwenye mizizi ya mti akinyonyesha. Aliponiona aliruka, akalia, akacheka, akanigombeza juu ya mbuzi. Watu walikuja kunigusa mabega kana kwamba nimefufuka.

"Balirudia nyuma!" niliwaambia. "Balishuka."

Wakapiga vigelegele kwa sauti ndogo. Nadège akanishika mkono.

"Basi mama, bikitulia tutarudi siye bote ku nyumba."

"Nyinyi mutarudi," nikasema.

"Na weye?"

Nikanyoosha mikono.

"Shina yangu niligeuza, inaangalia huku. Nipe mutoto," nikamwambia, na nikamlilia yule mtoto mikononi kwa sauti, bila kujali nani ananisikia.