Taji la Kwenye Kijiko

Mawifi wawili walikuwa na karakana ya vyombo vya kulia vya watoto wachanga: sahani, bakuli, kikombe cha vishikio viwili na kijiko, vyote vimepambwa kwa wafalme na malkia wa zamani. Mke wa kaka ndiye aliyechora. Kwenye sahani aliweka mfalme aliyetawazwa kabla hajajua kutembea, amepakatwa na yaya wake kwenye kiti cha enzi. Kwenye bakuli kulikuwa na malkia aliyefunga lango la mji kwa mikono yake adui walipokaribia. Wifi yake ndiye aliyeuza. Kwa ulimi wake angeweza kumuuzia chura maji. Wazo la kubandika taji dogo la dhahabu kwenye ncha ya mpini wa kijiko lilikuwa lake.

"Tulichore tu," mchoraji alisema zaidi ya mara moja.

"Wifi, mfalme bila taji ni mzee mwenye ndevu tu."

Wakacheka, taji likabandikwa.

Asubuhi duka la makumbusho lilipoanza kuviuza vyombo hivyo, mchoraji alikuwa karakanani akifunga maboksi ya mwisho. Wifi alikuwa amempakata mtoto wa kaka yake, anamlisha ndizi ya kuponda kwa kijiko kipya. Mtoto akampokonya, akakigeuza, akaanza kuguguna mpini.

"Muone binti mfalme," shangazi mtu alisema.

Kisha kukawa kimya. Ukimya huo ndio uliomgeuza mama. Mtoto alikuwa kinywa wazi, halii, hakohoi, midomo inabadilika rangi. Kijiko kilikuwa sakafuni, ncha yake tupu.

Mama alimnyakua, akamlaza kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikielekea chini, akampiga kwa kiganja katikati ya mabega. Akapiga tena. Wifi alisimama mikono kichwani, akimwita Mungu kwa sauti ya chini. Mama akapiga kwa nguvu hadi akaogopa atamvunja. Taji likadondoka pamoja na ute, likabingirika chini ya meza. Mtoto akavuta pumzi, akaangua kilio.

"Hiki nilikibandika taji jana," wifi alisema. "Labda gundi haikukauka. Vya dukani ni vya zamani."

Mchoraji, mtoto begani, alichukua vijiko viwili vya zamani vilivyobaki, akavitumbukiza kwenye maji ya uvuguvugu kama mate, kisha akavuta mataji. La kwanza likagoma. La pili likabanduka kama gamba la kidonda.

Wifi alilitazama. "Mpeleke mtoto kwa daktari," alisema. "Duka niachie mimi. Mdomo uliouza ndio utakaorudisha."

Alipofika makumbusho alianza kukomba vyombo vyake vyote rafuni bila hata salamu. Meneja wa duka alimfuata nyuma akilalamika kwamba wageni wanatazama.

"Umeuza vingapi?"

"Seti moja tu. Yule babu aliyekaa uani na mjukuu wake."

Wifi alikimbilia uani. Mtoto alikuwa mapajani mwa babu, kijiko kinywani, mpini ukiwa ndani.

"Babu, naomba hicho kijiko."

"Kwa nini? Nimekinunua."

Alitafuta maneno yake ya kila siku, asiyaone. "Leo asubuhi kimemkaba mwanangu," alisema, akaanza kulia.

Mzee alikichomoa kijiko taratibu. Taji lilikuwepo, limelegea upande mmoja. Alilitazama, kisha akamkumbatia mjukuu wake.

Daktari alikuta koo la mtoto wa mchoraji limechubuka kidogo tu. Mchana ule mawifi waliketi karakanani wakinyofoa mataji; yaliyogoma waliyatoa kwa koleo. Mtoto alipoamka kutoka usingizini, wifi alinyanyuka, kisha akasita.

"Wifi, utaniruhusu nimpakate tena?"

Mchoraji aliweka koleo mezani. Mtoto alikuwa tayari amenyoosha mikono kwa shangazi yake.

"Kanawe kwanza," mchoraji alisema. "Mikono yako imejaa gundi."